Binti yako akianza kubeba makombe mapema, chunga goti lake

Kila msimu wa mashindano ya tenisi ya watoto hukosi mzazi wa kunivuta pembeni. "Mwalimu, huyu ana miaka 12 na anawapiga wote. Atafika mbali?" Nami humsimulia habari za Angelique Widjaja.

Angelique alizaliwa Bandung, Indonesia, Desemba 1984. Julai 2001, akiwa na miaka 16, alitwaa ubingwa wa wasichana Wimbledon, mashindano makubwa ya Uingereza, kwa kumfunga Dinara Safina, ambaye baadaye alikuja kuwa namba moja duniani. Seti ya pili alichapwa 6-0, lakini akajikusanya na kuimaliza ya tatu 7-5. Hebu fikiria moyo wa mtoto yule! Mwaka huohuo akaalikwa kwenye mashindano ya wakubwa Bali, akiwa wa 579 duniani, na kombe likabaki nyumbani Indonesia. Mwaka 2002 akaongeza ubingwa wa wasichana Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, na kombe la wakubwa Pattaya, Thailand. Machi 2003 akafika nafasi ya 55 duniani kwa wanaocheza mmoja mmoja.

Hakupanda tena zaidi ya hapo. Majeraha yalimwandama, na mwaka 2008 akaacha.

Simsimulii mzazi haya ili kumtisha. Aliyoyafanya msichana yule hata leo yananisisimua. Ila nataka mzazi ajue kwamba mwili wa miaka 16 unaweza kushinda kabla haujamaliza kukua, na kombe halikuambii lolote kuhusu goti.

La goti nalijua mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka 17, nimeingia fainali, goti la kushoto limevimba kama embe. Kocha wangu wa wakati ule alilifunga bandeji, akanipa vidonge viwili vya maumivu na soda. Nilishinda, watu wakanibeba. Wiki tatu baadaye niliruka kuanzisha mpira, nikatua kwa mguu uleule, nikasikia "ko!" kama kijiti kikavu kinavunjika. Usiku ule mama alikaa sakafuni akinikanda kwa barafu aliyoifunga kwenye kanga. Hakusema neno. Maji ya barafu yalikuwa yananichuruzika mpaka kwenye kisigino, nami nilikuwa bado nauliza mashindano yanayofuata ni lini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa nyumbani kabisa. Asubuhi baada ya mechi, kabla ya chai, mwambie mtoto achuchumae mpaka chini kisha ainuke bila kushika kitu, nawe mtazame uso wala usimuulize, maana mtoto anayependa kucheza atakudanganya. Akikunja uso, au goti moja likiwa limejaa kuliko lingine, siku hiyo haendi uwanjani. Uvimbe ukirudi, mpeleke hospitali, si kwa mkandaji. Vidonge vya kutuliza maumivu ili tu acheze, hapana kabisa. Na mazoezini hesabu mipira anayoanzisha, maana hapo ndipo mwili unaporuka na kutua mguu mmoja mara mia bila mtu kugundua. Siku nyingine mwache akaogelee au acheze rede na wenzake.

Haraka ya nini? Yayuk Basuki, Mwindonesia aliyemtangulia Angelique, alifika robo fainali ya Wimbledon mwaka 1997 akiwa na miaka 26, na mwaka huohuo akawa wa 19 duniani. Mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya Michezo ya Asia kule Bangkok. Akajifungua, akalea, na alipokaribia miaka 40 alikuwa amerudi kucheza wawili wawili.

Mwezi uliopita binti mmoja ninayemfundisha alifika nusu fainali. Asubuhi baba yake akampigisha lile zoezi la kuchuchumaa, akauona uso, akanipigia simu: "Mwalimu, leo hachezi." Nilipofika kwao binti alikuwa ndani ya gari, raketi mapajani, analia kwa kwikwi. Nilikaa naye tu, kwa sababu hakuna neno linalotosha saa ile. Jana amerudi uwanjani. Tulipiga mipira ya taratibu karibu na wavu, robo saa tu, na alipomaliza alichuchumaa mwenyewe bila kuambiwa, akainuka, akamtazama baba yake.