Anti, naogopa siku watashtuka kwamba sijui kazi

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni binti wa miaka 27 niko Mwanza, kazi yangu ni admini wa kurasa za biashara mtandaoni, wateja wangu ni duka la vipodozi, saluni na kaka mmoja anauza vipuri vya pikipiki. Nilisomea ualimu, hii kazi nimejifunzia YouTube na kwa kujaribu jaribu, cheti sina. Sasa Anti kila mteja akinisifia moyoni nasema huyu hajanijua bado. Kuna video ya fundi wa saluni akisuka ilitrendi mpaka watu wakawa wanapiga simu kutoka Geita, bosi kafurahi, mie nikabaki na wasiwasi maana ilikua bahati tu na mwezi ujao atataka nyingine. Na kweli mwezi uliofuata namba zikashuka, usingizi ukakata. Wenzangu wa Dar wanaongea mikakati na maneno makubwa makubwa, mie kimya. Kaka wa vipuri ndo kabisa, anasema kazi yenyewe si kushika simu tu. Juzi hoteli imenitafuta niwasimamie kurasa zao, hela nzuri kuliko zote nilizowahi kulipwa, wiki nzima sijawajibu. Nimesoma mtandaoni wanaita imposta sindromu. Inatibika?
Admini Muoga, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Wiki nzima hujawajibu, wewe admini unayejua mteja akikaa saa moja inboksi bila jibu ameshahamia duka la pili? Haya, tutafika huko.

Hicho ulichosoma kilianza kuandikwa Marekani mwaka 1978, wanasaikolojia wawili, Pauline Clance na Suzanne Imes, walikua wanaongelea wanawake waliofaulu, wasomi wenye kazi zao za maana, ila ndani ya roho wanaamini wamefika pale kwa bahati na ipo siku wataumbuka. Kwa hiyo hata hicho cheti unachokililia kisingekuponya, hao walikua navyo tele. Na si ugonjwa wa kuandikiwa dawa.

Ila mie naona kazi yako yenyewe inaichochea hiyo hofu. Unaandika kwa sauti ya mtu mwingine, posti ikipendwa sifa ni za duka, ukikosea herufi moja tu komenti zinajaa "admini umelala?" Yule mteja aliyekuja na hasira hadharani ukamvuta inboksi ukamtuliza yakaisha, hakuna aliyeona, bosi hata hajui kwamba kulikua na moto. Halafu unasahihishwa kila saa na mashine ambayo inabadilisha mtihani katikati. Mwaka 2024 Instagram waliamua namba kuu iwe ni mara ngapi kitu kimetazamwa, na mtu mmoja akirudia video mara tatu zinahesabika zote, wakati akaunti zilizofikiwa zinahesabu watu, mmoja ni mmoja. Sasa we ukichukua namba ya aina hii ukalinganisha na ya aina ile utalia bure. Na tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kama saa sita dunia nzima, maadmini wote tukakaa tunaangaliana, wenye mikakati na wasio nayo.

Turudi kwenye video ya kusuka. Algorithimu, ile mashine ya mtandao inayochagua nani aonyeshwe nini, ndo iliisambaza, sikatai, hapo pana bahati. Lakini nani aliona bora arekodiwe fundi akiwa kazini badala ya kuweka lile bango la "karibuni wateja wetu" ambalo kila saluni inalo? Na watu wa Geita waliipataje namba ya simu kama haikua mahali pa kuonekana? Hiyo sio bahati, ni wewe.

Wengi watakwambia utunze skrinishoti za sifa uwe unazisoma ukiwa chini. Kwako hazitafanya kitu, si umesema mwenyewe ukisifiwa huamini. Tunza maamuzi yako. Kabla hujaposti andika kwenye daftari unaweka nini, kwa nini, unategemea nini kitokee, baada ya wiki rudi uangalie. Ukifanya hivyo miezi miwili utaona pale ulipolenga na pale ulipokua unabahatisha kweli, maana mwanangu nisikudanganye, kuna vitu huvijui, kila mtu ana vyake. Hofu ya "sijui kazi" haina mwalimu. "Sijui kulenga tangazo la kulipia liwafikie watu wa Mwanza peke yao" ina mwalimu, Meta wenyewe, wenye Facebook na Instagram, wana masomo ya bure, unalimaliza ndani ya wikiendi. Hayo maneno makubwa ya wenzio wa Dar nayo ukiyakamua mengi yanabaki tunaposti nini, kwa nani, ili afanye nini. Mtu aliyesomea kuandaa somo la watoto anashindwa hapo?

Huyo wa vipuri sasa. Nusu ya unachojisikia haijatoka kichwani kwako, imetoka kwake. Hamkukubaliana popote kazi yako inaishia wapi, ndo maana kila mwezi unaanza upya kujithibitisha. Mpelekee ukurasa mmoja tu mwisho wa mwezi, wangapi waliuliza bei, wangapi walielekezwa dukani, maswali gani yanajirudia. Akiendelea na wimbo wa kushika simu basi mwachie aishike yeye wiki moja.

Hoteli waandikie leo, samahani moja inatosha. Waulize wanachotaka kuuza ni vyumba, kumbi za harusi au chakula cha mchana, hizo ni kazi tatu tofauti. Omba miezi mitatu ya kuanzia, muandikiane posti ngapi kwa wiki, inboksi inajibiwa mpaka saa ngapi na usiku anajibu nani, maana hoteli watu wanauliza chumba saa sita usiku. Wakikuuliza umesomea wapi sema ualimu, halafu fungua takwimu za saluni uwaonyeshe, ule mwezi ulioshuka usiufiche, waeleze unadhani ulishuka kwa nini. Hela ya kubusti, yaani kulipia posti iwafikie wengi, itoke kwao, isichanganywe na malipo yako, na nauli ya kwenda kupiga picha pia iandikwe.