Tulimlisha mbwa aliyemng'ata mwanetu

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Familia yenu ikiwa na kitu kidogo cha kutoa, mnampa nani, na nani aliamua?" La pili nalijibu kwanza: aliyeamua ni mamangu, baada ya kulazimishwa na mbwa. La kwanza ndilo linalotuletea maneno, maana sisi ni Waislamu wa Mombasa, twaishi Kisauni, na kila Ijumaa sehemu ya sadaka yetu huenda kwa mbwa koko.

Miaka minne iliyopita mwanangu, akiwa na miaka 9, aling'atwa muundi. Alikuwa anatoka chuoni, yaani madrasa, kanzu kaipandisha hadi magotini kwa sababu ya matope, akapita karibu na mkokoteni mbovu ambapo jike mmoja wa rangi ya makuti makavu alikuwa amezaa. Mtoto hakujua kuna watoto pale. Mbwa naye hakungoja kuelezwa.

Nyumbani walikuwepo mamangu na mke wangu peke yao. Mama alimkalisha mjukuu kando ya beseni, akafungua mfereji, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia na kuosha kile kidonda mpaka mtoto akachoka kulia. Baadaye daktari alimsifu: kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, ndilo jambo la kwanza linalotakiwa kabla ya kutafuta hata gari. Mama hakuwa na habari ya dakika. Yeye alikuwa anaondoa najisi. Alihesabu mara saba, na moja kati ya hizo akaagiza iwe ya mchanga kama sharia inavyotaka. Hapo kwenye mchanga mke wangu akakataa.

Hospitali ya kwanza tuliambiwa chanjo ya kichaa cha mbwa imekwisha. Ya pili ilikuwepo, kwa pesa zetu: dozi ya kwanza siku ile, ya pili baada ya siku tatu, ya tatu wiki moja baada ya kung'atwa, na nyingine zinafuata. Mtoto alipoona sindano akaanza tena kulia. Muuguzi akamsimulia habari za Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 kama yeye, aliyeletwa Paris kwa mwanasayansi Louis Pasteur mwaka 1885 akiwa ameraruliwa na mbwa, akadungwa sindano 13 na akapona. "Wewe zako ni chache," akamwambia. Mwanangu mpaka leo hudai kwamba yeye na Meister ni watu wa hirimu moja.

Kisha daktari akauliza kitu ambacho hatukukitarajia: mbwa yuko wapi? Msimuue, akasema, mwangalieni siku 10. Mbwa ambaye kichaa kimeshafika kwenye mate hafikishi siku hizo akiwa mzima. Ataugua au atakufa. Akizimaliza anakula na kubweka kama kawaida, dozi zilizobaki zaweza kusimamishwa.

Tuliporudi mtaani tukakuta vijana wameshika marungu. Mmoja alikuwa anazungumzia nyama ya sumu. Basi ikawa kazi yetu kumlinda mbwa aliyemng'ata mtoto wetu, na mbwa wa barabarani hana kamba wala kibanda. Ukitaka asiondoke, mpe chakula. Mamangu, mwanamke ambaye akipishana na mbwa hukusanya buibui lake kwa mikono miwili, akasonga ugali wa unga uliobaki chini ya gunia, akachanganya na vichwa vya samaki, akautia kwenye mfuniko wa kopo la rangi na kuusukuma kwa mpini wa ufagio. Siku ya kwanza mbwa alimbwekea. Siku ya nne alinyamaza. Siku ya saba alikuwa ameshafika mlangoni kabla ya adhana ya adhuhuri. Siku ya 10 tukampigia daktari simu, akasema alhamdulillahi. Siku ya 11 mama akapika tena, wala hakuna aliyemuuliza.

Yaani ndani hakuna aliyemuuliza. Nje waliuliza. Bibi yule analisha mbwa na binadamu wana njaa? Na udhu wake je? Mama jibu lake lilikuwa fupi: "Kikavu kwa kikavu hakuna neno, najisi haihami. Nami simgusi, namlisha." Kisha huwakumbusha yule mtu wa hadithi aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akakiuma kwa meno na kupanda nacho juu kumnywesha, Mungu akamsamehe. Mimi, kwa kuwa ndiye ninayeshika pesa, nilimwendea ustadhi wa watoto. Akanifafanulia kwamba zaka ina wenyewe, mafungu manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba aya ya 60, na mbwa hayumo. Sadaka ni mlango mpana zaidi. Kwa hiyo zaka na sadaka hatuzichanganyi, na ya mbwa haijawahi kupunguza ya watu hata senti.

Lakini kinyozi wetu, ambaye alikuwa mkali kuliko wote, alisema jambo ambalo nilipaswa kulisikiliza mapema: "Mkilisha mtazidisha." Mwaka haukuisha, yule jike akazaa tena, sita. Watatu wakafa kwa mvua, mmoja akakanyagwa na tuktuk mbele ya binti yangu. Tulikuwa tumetoa kwa moyo safi na tukaongeza mateso. Hilo sitaki kulificha.

Binti yangu ndipo akaanza kutafuta kwenye simu watu wanaookoa mbwa, na mwanzoni alitaka tutume pesa kwa video moja ya mtoto wa mbwa aliyenasa kwenye tope. Akaiangalia sana, kisha akaja kunionyesha nyingine: mbwa yule yule, tope lile lile, anaokolewa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo hatutoi kwa picha. Ipo KSPCA, shirika la kulinda wanyama, kule Nairobi, ya tangu mwaka 1910, na anayeishi huko aende akaone kwa macho. Sisi tulipata wetu karibu zaidi, vijana wawili na daktari wa mifugo aliyestaafu. Hawana jengo la kufugia. Wanamnasa mbwa kwa wavu, wanamfunga kizazi au kumhasi, wanamchanja, wanakata ncha ndogo ya sikio akiwa bado amelala ili ajulikane, halafu wanamrudisha pale pale walipomtoa.

Kurudisha ndiko watu wasikokuelewa. Mbwa akiuawa, mahali pake na jaa lake la taka huchukuliwa na mwingine, na huyo mgeni hana chanjo. Wataalamu husema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa pa kupita. Kwa hiyo anayemtilia sumu mbwa mwenye sikio lililokatwa amebomoa ukuta unaomkinga mwanawe. Serikali yetu imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa Wakenya kufa kwa kichaa cha mbwa. Kwa hesabu za mtaa wetu peke yake, kazi bado ni nyingi.

Tunatoa nini? Kibubu chetu ni kopo la maziwa ya unga. Kila Ijumaa huingia shilingi 300, mama 100 kutoka biashara yake ya mahamri, mimi na mke wangu zilizobaki, na watoto wakipenda. Mwenye bucha Kongowea hutupa mifupa. Pesa zenyewe huishia kwenye glovu, nyuzi za kushonea, dawa ya usingizi, na zaidi ya vyote barafu, kwa sababu chanjo ikipata joto la Mombasa yaweza kuharibika. Barafu haipigwi picha. Hakuna aliyewahi kutuma pesa huku akilia kwa ajili ya barafu, na ndiyo maana vijana wale walifurahi tuliposema hiyo tuachieni sisi.

Jike wetu alikuwa wa kwanza kufungwa kizazi. Mama amempa jina, Jirani, kwa hoja kwamba jirani humchagui. Mwanangu sasa ana miaka 13 na ndiye hupeleka kibubu kila mwisho wa mwezi. Akimkuta Jirani njiani bado huvuka upande wa pili, na Jirani naye huinuka kumpisha.