Mwanangu, kuhusu mjomba wako na kura ya wadi

Mwanangu,

Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo, eti MCA, yule mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, kazi yake ni gani hasa zaidi ya kununua gari kubwa, na eti mjomba wako akiwa kwa debe 2027 unaweza kumnyima kura na usiitwe msaliti. Ulidhani nitakasirika juu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Sijakasirika, lakini jibu haliingii kwa meseji mbili tatu ndio maana nakuandikia hivi.

Nianze na kazi maana hapo ndipo watu wanachezwa. Kenya nzima tuna wadi 1,450, na kila wadi inapeleka mtu mmoja bunge la kaunti. Katiba inasema atatunga sheria za kaunti, atapitisha mipango na bajeti, na ataisimamia serikali ya gavana isilale na isile. Basi. Hana greda, hana pesa ya murram mfukoni, hawezi kuandika daktari. Zahanati ikikosa dawa yeye kazi yake ni kusimama bungeni aulize zile pesa tulipitisha za dawa ziko wapi, akaulize tena kwa kamati, mpaka mtu ajibu. Kaunti zingine zina sheria ya mfuko wa wadi, lakini hata huko yeye si mhasibu wala mjenzi.

Sasa sikiliza wale wameanza kuzunguka hapa kwetu. Mmoja anasema ataongeza walimu shule ya upili. Mwingine anaahidi kituo cha polisi pale stendi. Kuna kijana wa bodaboda, mtoto mzuri tu, ameahidi vitambulisho vitatoka kwa wiki moja. Hakuna hata moja hapo ya kaunti, yote ni ya serikali kuu! Kaunti ina chekechea, zahanati, soko, maji, barabara ndogo ndogo, taka, taa za barabarani, leseni za baa, hata makaburi. Na basari ile ya mbunge inatoka NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, haimhusu MCA ingawa wote wanapenda kupigwa picha na cheki. Kwa hivyo mtu akikuahidi polisi wewe jiulize, huyu hajui kazi anayoomba, ama anajua na ameona sisi ndio hatujui. Mimi huwa naogopa huyo wa pili.

Wacha nikwambie nilichoona kwa macho yangu. Kaunti iliita wananchi ukumbi wa kijamii watoe maoni ya bajeti, ile wanaita ushirikishwaji wa umma. Tangazo lilibandikwa kwa chifu siku chache tu kabla, kwa hivyo viti vingi vilikuwa vitupu. Kitabu cha bajeti kilikuwa kinene hivi na nakala zilikuwa chache, tukawa tunakipokezana. Mama mmoja wa soko la mitumba akakifungua kwa kurasa za wadi yetu, akashuka na kidole mstari kwa mstari, kikasimama kwa choo cha soko. Akauliza, hiki choo kilikuwa kwa bajeti ya mwaka jana na pesa ikaandikwa, mbona kimeandikwa tena na shimo halijachimbwa? Yule afisa wa kaunti alifunua makaratasi yake weeee, mwisho akasema atafuatilia.

Wagombea watatu walikuwa humo ndani siku hiyo. Yule mwalimu mstaafu wa chekechea alikaa mbele na daftari, akaandika swali la choo, na baada ya mkutano nikamwona amemfuata yule mama wakaketi kwa ngazi wakaandika memoranda, yaani maoni ya maandishi, ya kupeleka bungeni. Wa pili ni yule mwanakandarasi. Huyo alijua kitabu kuliko afisa mwenyewe, alijua ukurasa, alijua mradi gani umekwama na kwa nini, na nilishtuka kidogo kwa sababu yeye ndiye hupewa hizo kazi za barabara. Atasimamia nini sasa, malipo yake mwenyewe? Watu wanasema angalau huyu anajua mambo. Kujua anajua, hiyo sipingi.

Wa tatu ni mjomba wako. Alifika, akasalimia kila mtu kwa jina mpaka watoto, akaagiza soda kreti nzima, akapiga picha na wazee, na kabla hatujafungua ukurasa wa wadi yetu alikuwa ameitwa kwa simu ameenda.

Nampenda ndugu yangu. Wewe mwenyewe unajua karo yako ya fomu tatu nani aliimalizia, na babako alipolazwa ni yeye alilala kwa kiti pale wodini. Ukiwa na shida usiku wa manane utampigia yeye, hutampigia mwalimu. Lakini bunge la kaunti ni kukaa. Ni kukaa kwa kamati ukisoma ripoti ya mkaguzi mkuu kurasa mia mbili wakati watu wako nje wanakungoja na mchango wa matanga. Mjomba wako hawezi kukaa kikao cha harusi kikaisha, na sheria iko wazi, MCA akikosa vikao vinane vya bunge bila ruhusa ya maandishi ya spika na hana sababu ya maana, kiti anakipoteza. Nilimwambia hivyo uso kwa uso mbele ya mkewe, akacheka akasema nitapeleka godoro huko bungeni. Unamjua.

Kuna kakipimo kangu ka kujua mgombea, unaweza ukakatumia. Ukimpata muulize tu, tarehe 30 Aprili kuna nini? Ama 1 Septemba? Usimuulize kama mwalimu wa mtihani, muulize ukiwa unaongea mambo ya soko. Tarehe 1 Septemba ndio mwisho wa kaunti kupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata bungeni, tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti yawe yamefika, na 30 Juni yawe yamepitishwa. Mradi usipoingia kwa ule mpango wa Septemba, baadaye kuuingiza ni vita. Asiyejua hizo tarehe atakuja kulilia daraja lako mwezi wa nane wakati pesa zimeshagawanywa, na atakwambia gavana anabagua wadi yetu. Na kwa huyu aliye kwenye kiti sasa hivi swali ni rahisi zaidi, yuko kamati gani na ameuliza nini bungeni tangu 2022? Maneno yao yanarekodiwa kwa Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya bunge, haihitaji kubahatisha. Mimi nimemuuliza mara moja kwa matanga akanijibu kwamba ameleta mlingoti wa taa. Taa yenyewe haiwaki lakini mlingoti upo, hajadanganya.

Habari ya pesa za kampeni utasikia ule wimbo wao, kula kwao kura kwetu, yaani chukua pesa ya wale wengine lakini kura utupe sisi. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inamshika mtoaji na mpokeaji wote, faini mpaka milioni 2 ama jela mpaka miaka 6 ama vyote viwili, ingawa hapa noti inatolewa mchana kweupe na sijasikia mtu wa hapa amefungwa. Wewe una kazi, usichukue ya mtu. Sitamhukumu jirani ambaye hajaona unga wiki nzima.

Halafu hili la usaliti. Mjomba anasema akinyimwa tiketi ya chama atasimama kama mgombea huru, hapo atahitaji wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hii wamuunge mkono, kwa hivyo karatasi ya sahihi itazungushwa kwa familia kwanza, usishangae. Kumsaidia mtu aingie kwa karatasi ni jambo moja, kumchagua ni lingine. Siku ya kura unapewa karatasi sita, unaingia peke yako pale kwa kadibodi, na hata mimi niliyekuzaa sina haki ya kuuliza uliweka alama wapi. Anayekuambia ukoo utajua anakutisha tu. Mwalimu na yeye si malaika, ana kichwa ngumu na mikutano yake inaboa mpaka watu wanaondoka, ila mimi nimeshaamua na mjomba wako anajua, tulikula chakula pamoja Jumapili na hakukuwa na neno.

Sasa swali langu kwako. Umejiandikisha wapi? Kama kura yako iko huko Nairobi basi jina la mjomba hutaliona kwa karatasi kabisa na tunabishana bure. Ukitaka kuhamisha, unaenda mwenyewe na kitambulisho kwa ofisi ya IEBC, ile tume ya uchaguzi, ya eneo bunge unalotaka kupigia, na usingoje dakika ya mwisho juu uchaguzi ukikaribia uandikishaji unafungwa. Kura ni tarehe 10 Agosti 2027. Ukija likizo pitia hapo IEBC kwanza kabla hujafika kwa mjomba, juu ukianzia kwake siku itaisha mkipiga stori na ofisi itafungwa.

Mamako