Maswali ya Wasomaji: Je, Upendo wa Mungu Una Masharti?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni msichana wa miaka 24, na nilikuwa mwimbaji wa kwaya ya vijana katika usharika wetu. Mwaka jana nilipata mtoto kabla ya ndoa, nikatengwa: niliondolewa kwayani na kuzuiwa Meza ya Bwana mpaka nitubu na kurudishwa kundini. Majuzi mhubiri mgeni alifundisha kwamba Mungu anatupenda bila masharti yoyote. Nilipouliza habari hiyo katika jumuiya, mama mmoja alinisomea Yohana 15:10, "Mkizishika amri zangu, mtakaa katika pendo langu," akasema kwamba mimi nimetoka katika pendo hilo kwa miguu yangu mwenyewe. Baba wa mtoto bado anaimba besi. Je, Mungu ananipenda, au anangoja kwanza nitimize masharti? Na je, niendelee kuja ibadani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Binti yangu, asifiwe milele. Mungu anakupenda sasa hivi, kabla hujarudishwa kundini, na alikupenda hata siku ile uliyotengwa. Nimeanza na jibu lenyewe ili usilitafute katikati ya maelezo, lakini maelezo nayo unayahitaji, kwa kuwa aya uliyosomewa ni Neno la Mungu na haifai kuiruka.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Tukisema "masharti", wengi wetu tunakumbuka masharti ya mkopo, au masharti ya mganga: usile kitu fulani, usigeuke nyuma, na ukikosea dawa haifanyi kazi. Hayo ni mapatano ambayo mtu anatoa chake ili apate cha mwenzake. Kwa maana hiyo mhubiri wenu alisema kweli. Mtume Paulo anaandika katika Warumi 5:8 kwamba "Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi", na uzito wote wa sentensi hiyo uko kwenye neno "tungali". Musa naye, katika Kumbukumbu la Torati 7, anawaambia Israeli kwamba Bwana hakuwachagua kwa sababu ya wingi wao, kwa kuwa walikuwa wachache kuliko mataifa yote. Na anapoeleza sababu ya kuwapenda, haonyeshi sifa yoyote iliyo ndani yao, bali anasema tu kwamba Bwana anawapenda na anakishika kiapo alichowaapia baba zao.

Kanisa limelishika fundisho hili tangu zamani. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, uliofanyika Orange, Ufaransa, mwaka 529 ulitamka kwamba Mungu anatupenda jinsi tutakavyokuwa kwa kipawa chake, si jinsi tulivyo kwa stahili yetu. Karibu miaka 1,000 baadaye, mwaka 1518, Martin Luther alitetea mjini Heidelberg hoja kwamba upendo wa mwanadamu huzaliwa na kile kinachompendeza, ilhali upendo wa Mungu haukuti kitu cha kupendeza bali hukiumba. Binafsi naona kwamba hoja hiyo ya Luther, fupi kama ilivyo, inamaliza nusu ya swali lako.

Nusu iliyobaki imo katika neno "mtakaa". Bwana Yesu hakusema, "Mkizishika amri zangu, nitaanza kuwapenda." Aya ya 9, ambayo yule mama hakukusomea, imekwisha kusema kwamba yeye amewapenda wanafunzi wake kama Baba alivyompenda yeye, na ndipo anapowaagiza wakae katika pendo hilo. Mtu hukaa mahali ambapo amekwisha kukaribishwa. Tena, kukaa kuna taratibu zake: mtoto anayekataa kuongea na mzazi, asiyekula naye na asiyerudi nyumbani, anaikosa raha ya kupendwa, ingawa sahani yake bado inafunikwa mezani kila jioni. Kwa hiyo amri za Mungu si bei ya upendo wake. Ni njia ya kuishi ndani yake, na atakayeikataa njia hiyo atapata hasara ya kweli. Wahubiri wanaosema "bila masharti" kisha wakanyamaza wanawanyima watu nusu hiyo ya Injili.

Hakuna mahali ninapoyaona mambo haya mawili yakikaa pamoja waziwazi kuliko katika Hosea sura ya 3. (Nakuomba usiisome kana kwamba mwanamke anayetajwa humo ni wewe, ni taifa zima, na ni sisi sote, pamoja na mimi ninayekuandikia.) Mungu anamwagiza nabii akampende mwanamke mzinzi, kama yeye Bwana anavyowapenda Israeli waliogeukia miungu mingine. Hosea anamkomboa kwa vipande 15 vya fedha na kipimo cha shayiri. Baada ya kumlipia, ndipo anapomwambia kwamba atakaa kwake siku nyingi wala hatazini tena. Tazama mpangilio huo: gharama ameibeba aliyependa, na agizo limekuja baada ya ukombozi. Kitabu hichohicho hakifichi ghadhabu ya Mungu, kwani katika 9:15 anasema kwamba hatawapenda tena. Lakini katika sura ya 11 anajiuliza kwa uchungu atamwachaje Efraimu, yaani Israeli, na katika sura ya 14 anaahidi kuwaponya na kuwapenda kwa hiari yake. Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, alilieleza fumbo hili kwa kusema kwamba Mungu alichukia kile tulichojifanya sisi, huku akipenda kile alichokiumba yeye.

Wakristo hawakubaliani katika kila jambo hapa. Wakalvini, yaani wanaofuata mafundisho ya John Calvin, waliokutana Dort, Uholanzi, mwaka 1618 hadi 1619 walifundisha kwamba waliochaguliwa na Mungu hawawezi kupotea kabisa, ilhali wafuasi wa John Wesley, yaani Wamethodisti, wanaamini kwamba mtu anaweza kuikataa neema na kuanguka. Hata hivyo, pande zote mbili zinakiri kwamba Mungu ndiye aliyeanza kupenda.

Sasa nirudi kwenye kutengwa kwako. Nidhamu ya kanisa ina masharti, na kanisa lina haki ya kuwa nayo, lakini ni masharti ya ushirika na utumishi katika usharika, wala si masharti ya kupendwa na Mungu. Lengo lake ni kumrudisha mtu. Ikiwa imekufanya uamini kwamba Mungu amekuacha, basi kuna mahali ilipoharibika, na wanaoisimamia wanapaswa kulijua hilo. Kuhusu huyo anayeimba besi, sitatafuta maneno laini: huo ni uonevu. Katika Yohana 8 aliletwa mwanamke peke yake, ingawa uzinzi haufanywi na mtu mmoja, na Bwana alimwambia kwanza, "Wala mimi sikuhukumu," ndipo akamwambia asitende dhambi tena. Mchungaji wako akusikilize, na mzee wa kanisa amwite kijana huyo pia.

Umeuliza kama uendelee kuja ibadani. Njoo, na umlete mtoto. Huna sababu ya kukaa benchi la nyuma. Usingoje siku ya kurudishwa kundini ndipo uanze kuomba. Toba yenyewe utaipata kwa kumwomba huyo aliyekupenda kwanza. Mkisoma Zaburi ya 136, itikia pamoja na wengine mara zote 26 kwamba fadhili zake ni za milele. Na juma hili nenda ukaonane na mchungaji, ukiwa na mama yako au mtu mzima unayemwamini, umweleze yote uliyoniandikia, pamoja na habari ya baba wa mtoto.