Alama ya T haionekani kwenye picha

SWALI: Nina heller 20 ya Tabora ya 1916, sarafu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nikiipiga picha kwa simu, T iliyo chini ya mwaka, alama ya Tabora ilikotengenezwa, haionekani. Nikisogea karibu, picha inaingia ukungu.

JIBU: Kamera kuu za simu nyingi hazifokasi vizuri chini ya sentimita 8 hivi. Egemeza simu juu ya vitabu, sentimita 15 kutoka sarafu, weka kipima muda cha sekunde 2 isitikisike.

Kubwa zaidi ni mwanga. Zima flashi, laza taa moja ubavuni, karibu usawa wa meza, kisha zungusha sarafu polepole mpaka herufi itupe kivuli. Bado hafifu? Bana lupu (kioo kidogo cha kukuzia) ya mara 10 kwenye lenzi, shusha simu hadi sentimita 2.5 kutoka sarafu. Na tafadhali, usiisugue sarafu!