Kwa anayeanza kuzalisha mbwa wa mbegu: soma nasaba kabla ya kutazama sura

Ukianza kuzalisha mbwa wa mbegu, yaani wa nasaba safi, watu watakuonyesha picha: dume mwenye kichwa kikubwa, kifua kipana, manyoya yanayong'aa, na baba yake ni bingwa wa maonyesho huko Ulaya. Ziweke kando kwanza. Omba cheti cha nasaba cha dume, karatasi yenye majina ya wazazi wake na waliowazaa, kitandaze karibu na cha jike wako, usome majina mpaka kizazi cha tano. Jina linalojirudia pande zote mbili ndilo la kuzungumza na mwenye dume, hata kabla ya bei.

Hesabu yake si ngumu. Kaka na dada wa baba mmoja mama mmoja wakipandana, mtoto wao, ambaye kama kila mbwa ana nakala mbili za kila jeni ya urithi, moja ya baba na moja ya mama, anatazamiwa kuwa na asilimia 25 ya jeni zake katika jozi za nakala ileile, iliyomfikia kwa njia ya baba na kwa njia ya mama. Baba na binti yake ni hivyohivyo, 25. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali ni 12.5, na mtoto wa mbwa wawili ambao wazazi wao ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja ni 6.25. Hayo ni makisio ya chini, maana cheti cha vizazi vitano hakionyeshi undugu wa nyuma zaidi, na mbegu nyingi zilianza na mbwa wachache sana. Magonjwa mengi ya kurithi hukaa kimya mbwa akiwa na nakala moja mbovu, na huamka akiwa nazo mbili. Undugu wa karibu huziunganisha hizo mbili. Zaidi ya magonjwa, watoto huzaliwa wachache na dhaifu.

Kwetu hatari hii huingia kwa mlango wa heshima. Dume mzuri akiletwa Nairobi au Dar es Salaam kutoka ng'ambo, kila mwenye jike anamtaka. Miaka michache baadaye unatafuta dume mwingine wa mbegu hiyo mjini, unakuta kila unayeonyeshwa ni mwanawe au mjukuu wake. Kila mfugaji alichagua aliye bora, ila wote walimchagua mmoja.

Tukae kidogo na Basenji, mbwa wa msituni Kongo, yule asiyebweka, ambaye jike wake kwa kawaida huingia joto, yaani huwa tayari kupandwa, mara moja tu kwa mwaka. Waliokwenda Uingereza na Marekani tangu miaka ya 1930 walikuwa wachache, na kizazi chote cha huko kikatoka kwao. Kisha ukaonekana ugonjwa wa damu wa kurithi, chembe nyekundu zinavunjika na mbwa anakufa kijana. Kipimo kikapatikana, na katika miaka ya 1970 wafugaji waliwapima mbwa wao na kuwaondoa kwenye uzazi wale wote waliobeba nakala moja, hata kama wenyewe walikuwa wazima kabisa. Ugonjwa ule ukapungua sana, lakini pamoja nao zikaondoka koo nzima za damu. Waliobaki walikuwa ndugu zaidi kuliko mwanzo, na wafugaji wa siku nyingi wa Basenji husimulia kwamba hapo ndipo ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ulipozidi kujitokeza. Figo huachia sukari na madini kwenye mkojo, na dalili mara nyingi huja mbwa akiwa na miaka minne na kuendelea, ameshazaa.

Walichofanya baadaye nakiheshimu sana. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Zaire, Kongo ya leo, wakatafuta mbwa vijijini, wakarudi nao. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani, AKC, kikafungua daftari lake la nasaba na kuwaandikisha mbwa 14 kati ya hao wapya. Pamoja na damu mpya ikaingia rangi ya michirizi kama ya chui milia. Kipimo cha jeni ya Fanconi yenyewe kilipatikana mwaka 2011, na safari hii ushauri ulikuwa tofauti: aliyebeba nakala moja asitupwe, apandishwe na asiye nayo kabisa. Kwa wastani nusu ya watoto watabeba na hakuna atakayeugua. Katika uzao huo bakiza mtoto asiyebeba, na mengi mazuri ya mzazi wake yatakuwa yamebaki nawe.

Shika hilo unapopokea majibu ya maabara ya German Shepherd wako kuhusu ugonjwa wa uti wa mgongo unaopoozesha miguu ya nyuma uzeeni. Nakala moja si hukumu. Hata mwenye mbili si lazima augue, ila usimpandishe na mwenzake anayebeba. Ugonjwa wa kurithi wa nyonga zisizoshikana vizuri ni habari nyingine, kwa kuwa jeni zake ni nyingi na hakuna kipimo kimoja cha damu. Inahitaji picha ya eksirei iliyopigwa mbwa akiwa amelazwa vizuri na daktari wa mifugo anayeijua kazi hiyo. Marekani alama ya mwisho ya nyonga haitolewi kabla ya miezi 24. Subiri umri huo. Jike anayepandishwa kwenye joto la kwanza kwa sababu wanunuzi wamepanga foleni anadhulumiwa.

Kuhusu sura, sikuambii uidharau. Sura ndiyo inayomtambulisha mbwa wa mbegu, nami naipenda. Ila chunguza kila alama inayosifiwa imebeba nini. Mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni mwa Rhodesian Ridgeback hutokana na jeni ileile inayoleta tundu la ngozi linaloshuka kuelekea uti wa mgongo. Watoto waliozaliwa bila mstari, ambao karibu wote hawapati tundu hilo, kwa miaka mingi waliuawa kwa kuonekana na kasoro. Hilo linaniumiza mpaka leo.

Wala damu ya nje haiharibu sura kama watu wanavyohofia. Dalmatian wote wa nasaba safi walikuwa na kasoro ya asidi ya mkojo inayoleta mawe kibofuni, kwa hiyo kuchagua ndani ya mbegu kusingesaidia kitu. Mwaka 1973 mtaalamu wa jeni Robert Schaible alimpandisha Dalmatian na Pointer, mbwa wa mbegu nyingine, mara moja tu, kisha vizazi vilivyofuata vikarudishwa kwa Dalmatian kila mara, mpaka kwa macho hukuweza kuwatofautisha. Kutengenezwa kulikuwa kwepesi. Kukubaliwa moja kwa moja na AKC kulingoja hadi 2011.

Kama una nafasi ya kuchagua, mtafute dume wa miaka saba au minane anayekimbia bado, mwenye watoto wachache mjini. Hatashinda maonyesho tena, lakini magonjwa mengi ya ukubwani yangekuwa yameshaonekana kwake. Na kila mtoto unayemuuza, andika simu ya mnunuzi, umpigie mbwa akifika miaka mitano, kisha minane. Akifa, uliza alikufa na nini, uandike kwenye daftari lako karibu na jina la baba yake na la mama yake.