Re: Mpwa wangu amejifungua, shule inasema haiwezekani kurudi

Habari dada, poleni na hekaheka. Nimekusoma: binti aliacha kidato cha pili kwa ujauzito, mtoto sasa ana miezi minane, mkuu wa shule amekataa, na shemeji yako anaona cherehani inamtosha.

Kwanza angalieni tarehe aliyoacha. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu kurudi, ila asizidishe miaka miwili. Mdogo wangu naye alikataliwa kwa mdomo tu. Tukaomba jibu la maandishi, halikutoka. Tukapeleka barua kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri, pamoja na namba yake ya PREM, yaani namba ya utambulisho wa mwanafunzi. Wiki ya tatu alikuwa darasani. Kama anaogopa kusemwa, ombeni uhamisho wa shule kwa afisa huyohuyo.

Kilichotutesa zaidi ni maziwa. Kufika saa nne sweta limelowa kifuani, anakaa amekumbatia daftari. Mama akawa anamleta mtoto mapumziko, ananyonya chini ya mwembe nje ya geti. Hilo lipangeni kabla hajaanza, vinginevyo ataacha tena.

Shemeji mwambieni shule za serikali hazina ada hadi kidato cha nne tangu 2016. Kaka yake binti anasoma, kwa nini yeye asisome? Cherehani ni kazi nzuri, lakini achague mwenyewe. Kwetu leo mdogo wangu ndiye anayemsomea mama karatasi za dawa za presha. Zamani tulibisha hodi kwa jirani.

Miaka miwili ikiwa imepita, nendeni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima mkoani kwenu.